Neno la Kuzima Msumeno

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Nabii Nuhu kuunganisha mbao na akamlainishia Nabii Daudi chuma, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na wote waliomfuata kwa wema. Namshukuru kwa miaka aliyonipa kazini. Namshukuru zaidi kwamba ninaandika haya kwa mkono ule ule nilioenda nao kazini siku ya kwanza, na vidole vyake vyote vipo. Katika kazi yetu hilo si jambo la kupita bila shukrani.

Ninyi wadogo zangu mliobaki karakana mliniomba niwaachie maneno kuhusu kutumia mashine kwa usalama. Mlitaka karatasi ya kubandika ukutani. Nazijua karatasi za ukutani. Husomwa siku ya kwanza, na mvua ikinyesha hutumika kuwashia jiko la chai. Nimeona afadhali niwasimulie yaliyotokea, kwa sababu mtu husahau onyo lakini hasahau alichokicheka.

Nilifika karakana mara ya kwanza nikiwa nimevaa kikoi kipya, shati la mikono mirefu, saa mkononi, na shali begani ambayo mama yangu alinichagulia mwenyewe sokoni. Nilikuwa nimetoka chuoni kusoma dini, na nilidhani fundi huheshimiwa kwa mavazi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Warsame, fundi mkuu wa wakati ule, ambaye babu yake aliletwa huku kama askari zamani na ukoo ukabaki kufanya biashara ya malori. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni kama anayekagua mbuzi mnadani.

"Umekuja kuoa?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nimekuja kazini.

"Basi rudi nyumbani ukavae suruali."

Niliporudi, alichukua kitambaa kikuukuu, akakifunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, akakisogeza hadi kwenye drili iliyokuwa inazunguka. Drili ilikinyakua kile kitambaa, ikaikwapua na fimbo mkononi mwake, na fimbo ikawa inazunguka na kuchapa meza mpaka ikavunjika vipande. Mzee Warsame akaizima mashine bila haraka. Akaninyooshea kipande cha fimbo na kusema kwamba hiyo ilikuwa shingo yangu. Kisha akaongeza neno ambalo nimelibeba miaka yote: "Mashine haina macho. Haijui wewe ni mtoto wa nani."

Kwetu Isiolo, ambako huulizwi jina kabla ya kuulizwa wewe ni mtoto wa nani, neno hilo nililitafuna hadi saa ya chai.

Kabla ya kushika msumeno Mzee Warsame alikuwa amechunga ngamia, na alizifundisha mashine kwa elimu ile ile. Ule msumeno wa meza, alisema, unapiga teke. Ubao ukibanwa na meno, unarushwa nyuma kwa nguvu kumwelekea anayesukuma, kwa hiyo mtu asisimame sawasawa na meno, asimame kando. Nilipokuja kufanya kazi na mafundi waliosomea vyuoni, niliwakuta wana maelezo marefu ya jambo hilo, mazuri na ya kweli. Lakini mtoto wa mfugaji ukimwambia kwamba kitu hiki kinapiga teke, miguu yake inahama yenyewe kabla hujamaliza kusema.

Kwa njia hiyo hiyo, niliporithi nafasi yake, nilishinda vita vya kijiti cha kusukumia. Mnajua kwamba ubao ukifika mwisho hausukumwi kwa mkono, husukumwa kwa kijiti. Wenzangu walikidharau. Wengine walikorogea chai. Mmoja alikichonga kikawa mswaki. Basi nikachonga vingine virefu kidogo, vya mgunga, vyenye kichwa cha duara kama fimbo ya mchungaji, na nikaacha kuviita vijiti. Nikaviita fimbo. Kuanzia hapo kila mwanamume akataka yake, na taabu yangu ikawa nyingine kabisa, ya kuwazuia wasiende nazo nyumbani.

Miwani ya kukinga macho ilikuwa na mkasa wake. Karakana ilipata miwani mizuri yenye kufunika pembeni, na haikukaa. Niliiona tena njiani nikienda Kinna kwa matanga, imevaliwa na mwendesha bodaboda aliyekuwa akipasua vumbi kwa raha. Nilimpungia mkono. Alinipungia pia. Alhamdulillahi, macho ya mtu fulani yalikuwa salama.

Na stima. Wadogo zangu, stima ikipotea, zima swichi kwanza, ndipo ulalamike. Sisi tulikuwa tunaanza na kulalamika. Siku moja ilipotea tukiwa na randa ya umeme, tukaenda zetu kukaa kivulini, na mwenzetu Mutwiri akaona meza ya randa ni mahali pazuri pa kuweka kikombe na chapati. Stima ikarudi. Kikombe hatukukiona tena kwa umbo lake. Chapati iliokotwa ikiwa nyembamba mno, na Mutwiri, ambaye hapendi kupoteza chakula, aliikagua kwa muda kabla ya kukata tamaa.

Huyu Mutwiri nimtambulishe vizuri, kwa sababu yumo katika kisa kikubwa. Ni mzee wa kanisa, mtu wa upande wa Meru, mchangamfu na mwaminifu. Alikulia kwenye baridi na hajawahi kuliamini joto la Isiolo. Alivaa koti kazini mwaka mzima. Nilimwambia mara nyingi kwamba mkono wa koti na msumeno havipatani, naye alikubali kila mara, na kila mara aliahidi kulivua kesho.

Kazi yake ilikuwa kupokea mbao nyuma ya msumeno. Aliyezisukuma kutoka mbele alikuwa Guyo. Guyo alitoka Sericho baada ya ukame kummalizia ng'ombe wote. Alikuja mjini akiwa mtu wa kunyamaza, akibeba mbao kwenye lori, mpaka nilipomjaribu kwenye msumeno. Nilikuta ana mkono mtulivu ambao haufundishwi. Aliniambia siku moja, tukiwa tunafagia maranda, kwamba tangu mifugo yake ife, ule msumeno ndio kitu cha kwanza kinachoamka akikiamsha. Nilielewa kwamba mtu huyu akiondolewa pale, hatakuwa amepoteza kazi tu.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Tulikuwa tunapasua mbao za milango ya shule. Msumeno unanguruma, na kila mtu amevaa yale makopo ya kuziba masikio ambayo hatimaye tulikuwa tumeyapata. Nyuma ya msumeno mkono wa koti la Mutwiri ukashikwa na meno. Mutwiri akapiga kelele: "Kata! Guyo, kata! Kata!"

Alimaanisha akate stima. Ndivyo tunavyosema sote. Lakini Guyo alikuwa na ubao mkononi na msumeno mbele yake, na mtu anamwambia kata. Akaongeza mwendo.

"Nakata!" akajibu kwa heshima.

Mimi nilikuwa karibu na swichi ya ukutani, nikaizima. Mungu ni mwingi wa rehema, mkono wa Mutwiri ulibaki. Mkono wa koti haukubaki. Alisimama pale nusu mzee wa kanisa, nusu mtu wa kwenda kuoga.

"Nimekuambia kata," akasema alipopata pumzi.

"Na mimi nilikata," Guyo akajibu. "Ulitaka nikate namna gani?"

Tulikaa chini. Nikawaambia hakuna mwenye kosa, neno ndilo lina makosa, na kuanzia leo hakuna kusema kata. Tuseme zima. Wote wakaona ni sawa. Hata mimi niliyesoma niliona ni sawa, na hapo ndipo mnapoona faida ya kusoma inapoishia.

Kwa maana katika Kiswahili chetu cha huku, ubao uliokamilika haunaga mambo mengi. Ni mbao zima. Mtu wa Mombasa angesema ubao mzima, lakini mtu wa Mombasa hakuwepo. Mutwiri akaona ubao unaanza kupasuka, akaita: "Zima! Guyo, zima!" Guyo alikuwa amepanga kuukata nusu. Akafikiri mwenzake amebadilisha mawazo na anataka mbao zima ipasuliwe. Akaitikia kwa kichwa na kusukuma. Ubao ukabana meno, msumeno ukapiga teke, na kipande kikaruka, kikapita kando ya Guyo aliyekuwa amesimama anapotakiwa, kikatoboa mlango wa ofisi na kuishia ndani.

Ofisini alikuwemo Haji Adan, mwenyekiti wa kamati inayosimamia karakana. Ni mfanyabiashara wa mifugo, mkarimu na mwenye haraka. Alikuwa anakunywa chai. Alitoka na kile kipande mkononi.

Alipoambiwa kwamba hii ni mara ya pili Guyo anaitwa na haachi, Haji alisema neno moja: "Huyu hasikii." Na mnajua kwetu asiyesikia anaweza kuwa kiziwi na anaweza kuwa mkaidi, na yote mawili hayafai kwenye msumeno. Akataka Guyo akalinde geti. Nilimwomba kwa adabu anipe muda kidogo. Nilimweleza kwamba Guyo anasikia sana, tena ndiyo taabu yenyewe, anafanya kila anachoambiwa. Haji akafikiri, akasema atakuja mwenyewe baada ya swala ya Ijumaa aone kwa macho yake. Akiona kosa lingine, Guyo anaenda getini siku hiyo hiyo.

Guyo alienda akaupangusa msumeno kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayeaga.

Siku zilizofuata tulitafuta neno kama watu wanaotafuta mtoto aliyepotea. Tulijaribu simama. Ekiru, kijana Mturkana aliyekuwa akipiga msasa, alikuwa anapenda kukaa juu ya rundo la mbao, na kila tulipojaribu alisimama kwa utiifu, msumeno ukiendelea. Tulijaribu wacha. Guyo aliinua macho na kuuliza, "Kweli?" kwa sababu hapa mtu akikuambia wacha ujue amesikia habari ya ajabu. Stop lilikuwa fupi mno, msumeno ulilimeza. Nikaona tuchukue la Kisomali, jooji, ambalo halifanani na jambo lolote la useremala. Lakini Mutwiri alipopata hofu lilimtoka kinywani likiwa Njoki. Njoki ni mke wa Mutwiri. Guyo aligeuka kutazama geti, aone kama shemeji amefika.

"Usimwite mama watoto kwa mashine," Ekiru akamwambia. "Akija kweli utajibu nini?"

Tulicheka, lakini Guyo hakucheka, na Ijumaa ilikuwa inakaribia.

Aliyeliona neno ni Ekiru, saa ya chai. Mnajua desturi yangu ya kuomba dua kabla hatujagusa chakula, na mnajua, kwa kuwa mmenivumilia, kwamba dua zangu si fupi. Huanza na wazazi, nikaenda kwa wagonjwa, nikaombea mvua, nikawazungukia viongozi. Waislamu na Wakristo wote huinama na kungoja. Siku hiyo nilipomaliza, na mikono yote ikaenda kwenye chapati kwa pamoja, Ekiru akasema kwa utaratibu wake:

"Ustadhi, kuna neno moja tu hapa ambalo kila mtu anasikia. Ukisema Amina, hakuna mkono unabaki nyuma."

Niliumia kidogo kwa ajili ya dua zangu, lakini nikaona Mungu amempa kijana jibu. Neno lile halina maana mbili, na kwa bahati hakuna mke wa fundi anayeitwa hivyo. Kila mmoja wetu alilijua tangu utotoni kuwa ndio mwisho wa jambo. Na linavutika. Unaweza kulirefusha Aminaaa mpaka lipenye kwenye yale makopo ya masikioni.

Hata hivyo sikutaka kulichezea neno la ibada. Nilikwenda kwa imamu wetu nikamweleza yote. Akaniuliza kama litaokoa mkono wa mtu. Nikamwambia inshallah. Akasema basi mtu anayeliita pale anaomba kweli kuliko wengi wanaoliitikia msikitini wakifikiria chakula, ila tusilitumie kwa mzaha. Mutwiri naye alimwuliza mchungaji wake. Mchungaji alijibu kwamba angefurahi kama waumini wake mwenyewe wangekuwa wanakoma wanapofika Amina.

Tukafanya mazoezi. Mutwiri anaita, Guyo anapiga ile swichi nyekundu iliyo chini ya meza, usawa wa mkono wake. Anaita akiwa nyuma, anaita akiwa pembeni, anaita Guyo akiwa amegeuka. Mkono wa Guyo ukazoea kabisa. Ukazoea kupita kiasi. Kwenye swala ya alfajiri imamu alipomaliza Fatiha na msikiti mzima ukaitikia, mkono wa Guyo ulishuka wenyewe na kupiga kile kilichokuwa chini yake. Kilichokuwa chini yake ni paja langu. Nilisubiri mpaka tulipotoa salaam, nikamwambia kwamba upande wa mazoezi nimeridhika.

Ijumaa ikafika. Haji Adan alikuja kutoka msikitini na wanakamati wake, amevaa kanzu nyeupe na shali ndefu yenye nyuzi ndefu pembeni. Nilimsalimia, nikamwomba kwa heshima aiache ile shali ofisini.

"Ustadhi, mimi sikuja kufanya kazi," akasema. "Nimekuja kutazama."

Nilimwomba basi asimame nyuma ya mstari mweupe niliokuwa nimeuchora sakafuni. Akasimama. Guyo akaweka ubao, akavaa miwani, akasema Bismillahi, akawasha. Mutwiri alikuwa nyuma, bila koti kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akionekana kama mtu aliyeibiwa. Ubao ulipita vizuri. Wa pili ukapita vizuri zaidi. Nikaona uso wa Haji unalainika, na nikafurahi mapema.

Kwa maana Haji anapofurahi hupenda kubariki. Alivuka mstari, akasogea karibu na meza, akainua mikono yote miwili na kuanza kuwaombea mafundi kwa sauti kubwa ili ashinde mngurumo. Wanakamati wakainua mikono. Na alipoinua mikono, shali iliteleza begani, na ncha yake ikaanza kushuka upande wa meno.

Guyo alikuwa ametazama ubao, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Aliyeona ni Mutwiri.

"Aminaaa!"

Mkono wa Guyo ukapiga swichi kabla neno halijaisha. Msumeno hauzimiki hapo hapo, mnajua. Unazunguka kwa nguvu yake kwa kitambo. Ukanyakua nyuzi, ukavuta shali, nayo ikateleza kutoka shingoni mwa Haji na kujikunja kwenye meno, lakini meno yalikuwa tayari yanachoka. Yakasimama.

Na katika ule ukimya mpya, Haji Adan na kamati nzima, macho yamefumbwa, wakaitikia kwa unyenyekevu, "Amina."

Kisha Haji akafumbua macho. "Mbona mmezima? Sijamaliza."

Ekiru alionyesha kwa kidevu. Haji akatazama msumeno, akaiona shali yake imekumbatia meno kama imeshonewa hapo. Akapeleka mkono shingoni, taratibu, akaipapasa upande huu na upande huu. Rangi ya uso wake ilienda na haikurudi upesi. Nikachomoa plagi kwanza, nikaishika mkononi, ndipo Mutwiri akaanza kuifungua ile shali uzi kwa uzi.

Haji akamgeukia Guyo. Guyo alikuwa amesimama wima kama anayesubiri hukumu, mkono bado upo kwenye swichi.

"Mimi nilisema wewe husikii," Haji akasema.

"Ndiyo, Haji."

"Neno hilo la sasa ulilisikia?"

"Hilo nalisikia, Haji. Hata nikiwa nimelala."

Haji alitikisa kichwa muda mrefu. Tulidhani atasema jambo la kamati. Lakini alirudi nyuma, akaupita ule mstari mweupe, akaupita na mlango, akasimama nje juani na kanzu yake, kichwa wazi, akachungulia kutoka huko.

"Guyo," akaita. "Rudisha plagi, mwanangu. Maliza mbao yako."

Guyo akamaliza. Nilimwona akifuta miwani mara kadhaa, na maranda siku hiyo hayakuwa mengi hivyo.

Mwenyezi Mungu awalinde ninyi mnaosoma haya, mnaoshika mashine na msioshika. Ayape macho yenu kuona kabla mkono haujafika, awape wenzenu wa kazi wanaowatazama mgongo wakati ninyi mnatazama ubao, na awape uvumilivu kwa wakubwa wanaovuka mistari. Awarudishe kwa watu wenu kila jioni mkiwa wazima, na vumbi la mbao kwenye nywele liwe ndilo jambo pekee la kuulizwa nyumbani.